Mgonjwa Haulizwi Uji

Yako maradhi ambayo mtu akiyapata, mji mzima humwendea kumpa pole. Na yako maradhi ambayo mtu akiyataja, watu hucheka. Homa kali huheshimiwa. Mfupa uliovunjika huheshimiwa. Jino haliheshimiwi. Mwenye jino hukesha usiku kucha ameshika shavu, na asubuhi huambiwa, "Jino tu hilo." Leo, ndugu wasomaji, twapenda kulitazama neno hilo dogo "tu", maana ndani yake limefichwa swali la haki: je, mtu aliyetibiwa jino akarudishwa nyumbani anastahili kupumzika na kutunzwa, au kupumzika kwake ni kudeka?

Kwanza tufahamu ni tiba gani tunayoisema. Tangu zamani dawa ya jino bovu ilikuwa moja tu, nayo ni koleo. Siku hizi waganga wa meno waweza pia kuliokoa. Ndani ya kila jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho hushuka hadi ncha za mizizi. Uozo ukikifikia, kiini huvimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimbia, na hapo ndipo yatokapo yale maumivu yasiyo na mfano. Mganga hupiga sindano ya ganzi, hutoboa jino, hutoa kiini kilichoharibika, husafisha mifereji ya mizizi kwa visindano vyembamba, huiosha, kisha huijaza na kuiziba. Jino hubaki kinywani na kutafuna kama mwanzo. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Basi tiba hii ya mzizi ni njia ya kulizuia pengo lenyewe lisitokee.

Tumfikirie mama mmoja wa Msuka, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Micheweni. Si mtu fulani tunayemjua. Ni mfano tu, lakini wenzake wamo katika kila kijiji cha pwani na cha bara. Ili kupata tiba hiyo imempasa kusafiri mbali na kijiji chake, pengine hata kuvuka bahari hadi Unguja. Imempasa kutoa fedha nyingi kuliko zile za kung'olewa, na kurudi kwa mganga mara mbili au tatu. Alasiri ashuka garini, mdomo ungali na ganzi, taya limechoka kwa kukaa wazi muda mrefu. Nyumbani ndoo ni tupu, kuni hazijapasuliwa, watoto wana njaa. Na kwa kuwa hana kidonda cha kuonekana wala bendeji, kila mtu amngoja yeye awashe moto. Naye hasemi neno. Ajifunga kanga kiunoni, ainama jikoni. Jirani zake wamsifu: "Huyu ndiye mwanamke!"

Hapa ndipo linapoanza swali letu la kwanza. Je, kuficha maumivu ni fadhila? Hatutaki kuidharau subira. Mtu asiyejua kuvumilia lolote hawezi kulea mtoto, wala kulima shamba, wala kuitunza ndoa. Lakini subira ina namna mbili. Yako mateso ambayo mtu huyachukua kwa hiari yake, akijua sababu. Na yako mateso ambayo mtu hubebeshwa na wenzake kwa kuwa hawajali, kisha wakayapamba kwa jina zuri la subira. Namna ya kwanza ni sadaka. Namna ya pili ni dhuluma iliyovishwa nguo ya sifa.

Wapo Wakristo wanaodhani kwamba kumeza kidonge cha kutuliza maumivu ni kuukimbia msalaba, nao hukumbuka kwamba Bwana wetu, alipopewa divai iliyotiwa manemane kabla ya kusulibiwa, hakuipokea. Ni kweli hakuipokea. Lakini hakumkataza mtu mwingine yeyote kuipokea. Popote alipowakuta wagonjwa hakuwahubiria uzuri wa kuumwa, bali aliwaponya. Baba Mtakatifu Pio wa XII aliulizwa jambo hili na waganga wenyewe, naye aliwajibu katika hotuba yake ya tarehe 24 Februari 1957. Alifundisha kwamba Mkristo halazimishwi kuyatafuta maumivu kwa ajili ya maumivu, na kwamba aweza kwa dhamiri njema kutumia dawa za kuyazuia. Atakaye kuvumilia kwa hiari, na avumilie. Lakini asimfanyie jirani yake hiari hiyo kuwa sheria.

Tukumbuke pia kwamba vita dhidi ya maumivu ya mwili viliongozwa kwa sehemu kubwa na waganga wa meno. Katika Desemba ya mwaka 1844 Horace Wells, mganga wa meno wa mji wa Hartford huko Marekani, alijitolea mwenyewe kung'olewa jino akiwa amevuta hewa ya kulevya, ili ajue kama dawa hiyo yafaa. Tarehe 16 Oktoba 1846 William Morton, naye pia mganga wa meno, aliwaonyesha matabibu wa Boston jinsi mgonjwa awezavyo kupasuliwa akiwa amelazwa usingizi kwa etha. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini hutia ganzi jicho. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lidokeini, dawa ya ganzi ambayo hadi leo ni miongoni mwa zile zitumikazo sana vinywani mwa wagonjwa. Waganga hao wa meno hawakusema, "Jino tu." Kwa sababu waliyaona maumivu ya jino kuwa jambo zito, ulimwengu mzima umefaidika.

Swali la pili: je, kupumzika ni uvivu? Ganzi hudumu saa kadhaa. Mtu akila kabla haijaisha aweza kuliuma shavu lake au ulimi wake bila kujua. Ganzi ikiisha, nyama zinazolishika jino katika taya huwa bado zimechokozwa, na kwa siku chache jino huuma likiguswa. Hapo mgonjwa hahitaji mambo makubwa. Ahitaji chakula laini kisicho cha moto sana, kutafuna kwa upande mwingine, kusukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, dawa ya maumivu kwa kadiri aliyoandikiwa, na kulala kichwa kikiwa juu kidogo. Asiweke aspirini juu ya ufizi, maana huuunguza. Mambo haya ni sehemu ya tiba yenyewe. Anayemnyima mgonjwa mapumziko hayo ni kama anayemwaga nusu ya dawa iliyokwisha kulipiwa.

Injili yasimulia habari za mkwewe Simoni Petro, aliyekuwa amelala nyumbani ana homa. Yezu alimshika mkono, homa ikamwacha, naye akawatumikia. Tumepata kusikia habari hiyo ikitumiwa kuwahimiza akina mama wainuke upesi wakahudumie wageni. Lakini wanaosema hivyo hawatazami mpango wa habari yenyewe. Kwanza watu wa nyumbani walimweleza Yezu hali ya mgonjwa. Hawakuona haya kuitaja. Kisha mgonjwa alishikwa mkono. Kisha homa ilimwacha. Ndipo alipotumikia. Anayetaka lile la mwisho bila yale matatu ya kwanza hafuati Injili. Afuata tumbo lake.

Swali la tatu ndilo lituhusulo sote: mapumziko ya mgonjwa ni deni la nani? Waswahili husema: mgonjwa haulizwi uji. Tuitazame hekima ya methali hiyo. Ukimwuliza mgonjwa, "Je, nikupikie uji?", wamtwika mzigo wa kuamua na wa kuomba, na mwenye haya atajibu, "Msijisumbue." Mwenye mapenzi haulizi, huinjika sufuria. Basi mume wa mama yule asikae barazani akingojea kuambiwa. Na amwite mwanawe mkubwa, mmoja ateke maji, mwingine apasue kuni. Uji utiwe bakulini, upoe kidogo, upelekwe chumbani. Mwanamume hapungukiwi na heshima kwa kukoroga uji. Hupungukiwa nayo akila chakula kilichopikwa na mtu anayetetemeka kwa maumivu.

Atatokea mtu aseme: "Haya ni maneno ya wenye nafasi. Mchuma karafuu asiyepanda mkarafuu leo, leo hapati ujira. Mvuvi asiyekwenda baharini, watoto wake hulala na njaa. Utawaambiaje hao wapumzike?" Neno hili ni la kweli, wala hatutalikwepa. Mapumziko yana gharama, na maskini huilipa kuliko wengine. Lakini jawabu lake si kuyafuta mapumziko. Ni kuigawana gharama. Vijiji vyetu vyajua kushirikiana wakati wa msiba na wa harusi. Je, havijui kushirikiana kwa siku mbili za jino? Samaki mmoja kutoka kwa jirani, ndoo moja ya maji kutoka kwa binti wa nyumba ya pili, na mwenye shamba asiyemwondoa kibarua kwa kukosa siku moja: hayo si makubwa. Na atakayeuliza kama wapo wanaojilegeza baada ya kupona, twamjibu kwamba wapo. Lakini ni afadhali kumtunza mvivu mmoja siku moja ya ziada kuliko kumnyima wagonjwa kumi siku yao ya haki.

Kisiwa cha Pemba chatupa sababu nyingine ya kulitafakari jambo hili. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kipo kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo na ya karafuu. Ndani ya mafuta hayo mna dawa iitwayo eujenoli, ambayo tangu karne ya 19 waganga wa meno wameichanganya na unga wa zinki ili kutuliza na kuziba meno, na hata kuziba mifereji ya mizizi. Basi wachumaji wa karafuu wametumikia vinywa vya watu wasiopata kuwaona kamwe. Ni haki yao pia, wanapoumwa, jino lao lisiitwe "jino tu", na tiba ya kuliokoa isiwe safari ya shida.

Limebaki onyo moja, nalo ni zito. Kiini cha jino kikifa, mara nyingi maumivu hunyamaza. Mwenye jino hushukuru na kusema, "Nimepona," kumbe chini usaha unakusanyika. Kadhalika aliyeanza kutibiwa mzizi, akiona haumwi tena, huacha kurudi kuzibiwa jino kwa kudumu. Baada ya miezi jino hupasuka au huoza upya, na gharama yote imepotea. Uso ukivimba, homa ikipanda, kumeza au kupumua kukawa kwa shida, si wakati wa kupumzika nyumbani. Ni wakati wa kukimbilia hospitali bila kukawia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hivyo kunyamaza kwa maumivu si ushahidi wa uzima, katika kinywa wala katika nyumba. Iko nyumba isiyosikika malalamiko kwa kuwa wote wametunzwa. Na iko nyumba isiyosikika malalamiko kwa kuwa mmoja wao amekwisha kukata tamaa ya kusikilizwa. Kwa nje nyumba hizo mbili zafanana. Baba wa nyumba, kaka, binti: jueni yenu ni ipi. Na mkitaka kuijua, msingojee mama aseme. Mtazameni usoni jioni hii, kisha injikeni uji.