Palizi Haingoji Mazoezi

Kila anayefanya sanaa ya kijamii huku kwetu ana kazi nyingine inayomlisha. Kijana anayetupigia litungu ni mwendeshaji wa boda. Yule anayeigiza chifu, na kuchekesha soko zima, huuza mitumba. Mimi hufundisha Kitale ilhali kikundi kiko Bungoma, na katikati kuna Kiminini, Kamukuywa, Webuye na matatu isiyoondoka mpaka ijae. Basi huulizwa mara kwa mara napata wapi muda. Anayeuliza huwa anadhani muda ni wangu peke yangu na kwamba nikiupanga vizuri utatosha. Lakini mazoezi yetu hula muda wa watu wengi, na wengine hawajawahi hata kupanda jukwaani.

Wazee wa hapa walilijua hilo kabla ya sisi kununua shajara. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti, katika miaka shufwa kama 2022 na 2024. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kijana huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga za chinyimba na kuwaalika, huku wenzake wakimwitikia nyimbo. Hiyo ni sanaa inayohitaji nguvu, chakula na usiku mzima wa watu, lakini wakati huo shule zimefungwa na palizi ya mahindi imekwisha. Hakuna anayelazimika kuchagua kati ya ngoma na jembe.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ nao waliipanga sanaa ifuate kazi za watu kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Waigizaji wao walikuwa wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani, kwa hiyo mazoezi yalifanywa zaidi Jumamosi na Jumapili alasiri. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ilianza kuonyeshwa Oktoba 2, 1977, siku ya Jumapili. Serikali iliipiga marufuku Novemba 16 mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Husimuliwa sana kuhusu marufuku hiyo, lakini ni nadra kusikia kuhusu ratiba ile, ambayo nadhani ilikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Siku hizi kalenda hutoka kwa mfadhili. Mwaka mmoja tulitakiwa kuonyesha mchezo kuhusu afya Mei, tena katikati ya wiki, kwa kuwa ripoti ya robo mwaka ilikuwa inangojewa. Mei ni mwezi wa palizi. Mzee mmoja wa kikundi alinitazama akasema, "Mwalimu, mahindi hayajui robo mwaka." Akaenda shambani. Tulicheza na waliobaki, picha zikapigwa, ripoti ikaandikwa.

Na kati ya waliobaki, wanawake walikuwa wachache zaidi. Hili ndilo linaloniuma. Mazoezi yakiwekwa saa kumi na moja jioni, mwanamume huja moja kwa moja kutoka kazini. Mwanamke lazima kwanza amtafute mtu wa kushika mtoto, aache maji motoni, na akichelewa kurudi aulizwe alikuwa ngoma ya nani. Tukishazoea kutomwona, twasema hana bidii, kisha nafasi yake anapewa kijana anayevaa leso na kubana sauti. Watu hucheka sana. Mimi sicheki tena.

Kule Kakamega, ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wengi wa wajuzi wake ni wazee wasio na warithi, na fedha za kutengeneza ala na mavazi hazipatikani. Kijana anayekimbizana na abiria tangu alfajiri ataketi saa ngapi kujifunza ngoma kwa babu?

Wapo waliokuwa na muda huo. Jumba la Makumbusho la Kitale lilitokana na muda wa ziada wa mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu mpaka alipofariki mwaka 1966. Nalipenda jumba hilo. Ila sidhani kama kanali alipalilia mwenyewe.

Kwa hiyo, wewe unayetupigia simu tuje "kuchangamsha" harambee au mkutano wako, kwanza uliza mahindi yamefika wapi. Tuma nauli mapema. Tenga malipo ya siku nzima, maana boda haitabeba abiria siku hiyo. Na mazoezi yakifanyika kwako, pika, uweke na mtu wa kutunza watoto. Tutakuja, na akina mama watakuja pia.