Msichana wa Kijijini Yuko Jikoni Kwetu

Kila ifikapo tarehe 11 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, Mombasa hujaa mahema na viti vya plastiki. Fulana huchapishwa, sodo hugawiwa mbele ya kamera, na wanasiasa hushika maikrofoni wakaapa kwamba hakuna msichana wa Kinango, Ganze wala Lunga Lunga atakayekosa shule wao wakiwa hai. Sina ugomvi na sodo. Sheria ya mwaka 2017 yenyewe inaitaka serikali iwape wasichana wa shule bila malipo, na hazijawahi kutosha. Swali langu ni jingine: sisi tukiwa pale chini ya hema tukipiga makofi, nyumbani mtoto tumemwachia nani?

Mara nyingi tumemwachia msichana huyo huyo wa Kinango.

Kisauni, Likoni, Changamwe, zunguka utakavyo. Nyumba za wenye mishahara, na nyingine ambazo mwenyewe hujiuliza mwezi utaishaje, zina msichana wa kazi. Walio watu wazima siwazungumzii. Kazi ya ndani ni kazi ya halali, na mwenye kuifanya anastahili ujira wake na siku yake ya kupumzika. Nawazungumzia wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, kumi na mitano. Huteremka kwenye matatu pale Likoni na mtu anayeitwa shangazi asiyekuwa shangazi yake. Nguo zake zote zimo ndani ya begi la shule, kwa sababu ndilo begi pekee alilonalo. Mshahara, ukiwapo, hutumwa kwa M-Pesa kwa mtu mwingine.

Hawakuja kutembea. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 wako ambao viti vyao vilibaki vitupu. Kisha mvua zikakata msimu baada ya msimu, na Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akautangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kinango na Ganze ng'ombe walikufa. Mzazi aliyefikia hapo hahitaji kubembelezwa sana na anayemwambia kwamba mwanawe atakula vizuri mjini. Na kweli anakula. Ndiyo maana dhuluma hii haitukeri: aliyedhulumiwa ameshiba na amependeza kuliko alivyokuja.

Jioni moja nilikuwa barazani kwa jirani, huku kwetu upande wa Kisauni. Mtoto wa nyumba, wa gredi ya tano, alikuwa akihangaika na hesabu za kugawanya, anaandika, anafuta, karatasi inakaribia kutoboka. Msichana wa kazi alikuwa amekaa kwenye kibao akichagua mchele kwenye uteo. Bila kuinua macho akasema, "Umesahau kuteremsha ile sufuri." Mtoto akafuta mara nyingine, akaandika, ikaja sawa. Nikamuuliza yule binti alisoma mpaka wapi.

"Gredi ya saba, mama."

"Mbona ukaacha?"

"Kwetu kulikuwa hakuna, mama."

Jirani yangu akadakia kwa fahari kwamba binti huyu ana kichwa, hata kazi za shule za wanawe ni yeye anayezisimamia. "Nampenda kama mwanangu," akasema. Wanawe hulala saa tatu usiku. Binti hulala vyombo vikiisha, na adhana ya alfajiri humkuta ameshabandika karai la mahamri.

Najua nitajibiwa nini. Mwambao huu una ada yake ya kulea mtoto wa ndugu, na ni ada njema. Walimu wengi, wauguzi, makarani wa bandarini, walikulia kwa ami na khalati zao mjini ili wapate kusoma. Siisifu kupita kiasi. Aghalabu mvulana ndiye aliyepelekwa shule na msichana akakabidhiwa mbuzi ya kukunia nazi. Lakini angalau lililomleta mtoto mjini lilijulikana, na waliobaki kijijini waliuliza habari za masomo yake. Sisi tumelibakisha jina la ada tukaliondoa daftari.

Katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwahimiza Waislamu wa Mombasa, kupitia gazeti lake la Al-Islah, wazinduke katika elimu, ya wasichana ikiwamo. Wakati ule walikuwapo wa kumbishia waziwazi. Leo hakuna anayebisha. Sote tuko upande wa msichana, mradi asiwe yule anayetuoshea vyombo.

Sheria nayo haina kigugumizi. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwajiri mtoto wa umri wa shule katika kazi inayomzuia kusoma. Humo hamna kifungu cha "nampenda kama mwanangu".

Vikwazo vipo, sikatai. Akipelekwa kuandikishwa ataulizwa cheti cha kuzaliwa, na wengi hawana au kimebaki kwa wazazi. Sare ina bei, chakula cha mchana kina bei. Lakini shule ya msingi ya umma haina karo tangu 2003, na gredi ya saba hadi ya tisa sasa husomewa katika shule hizo hizo, nyingi zikiwa mwendo wa miguu kutoka tunapokaa. Tukisema kweli, si cheti kinachotushinda. Ni kwamba binti akitoka asubuhi na begi, mtoto mchanga atabaki na nani? Jibu ni kumwajiri mtu mzima na kumlipa haki yake, nayo ni ghali kuliko kumlipa mtoto. Kusaidia elimu ya msichana kuna gharama, na gharama yenyewe ndiyo hiyo.

Tahadhari moja. Usisome haya kisha ukampandisha matatu kesho asubuhi na nauli mkononi. Kumrudisha kwenye nyumba isiyo na kitu ni kumpeleka kwenye ndoa au kwenye jiko la mtu mwingine. Zungumza na wazazi wake, na chifu, na afisa wa watoto. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto haitozi hata senti. Aliyekwisha kupita umri wa shule ana gumbaru, ana vyuo vya ufundi, na anaweza kufanya mtihani wa KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Anachohitaji kwako ni saa zake za jioni.

Muhula wa kwanza huanza Januari. Ukiwa na binti wa namna hii nyumbani, piga simu kwao leo uulizie cheti, kisha nenda ukaonane na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe. Mchango wa fulana utakungoja.