Tumaini la Mgonjwa na Dai la Muuzaji

Mtu anayemuuzia mgonjwa dawa ambayo yeye mwenyewe anaiamini kwa moyo wote, ila hana ushahidi kwamba inaponya, ana kosa gani? Swali hili ni la zamani, lakini biashara ya vinywaji na unga wa vimeng'enya imelipa uzito mpya. Bidhaa hizi hutengenezwa kwa kuchachusha matunda, mboga, nafaka au soya, kisha husifiwa kwamba zinasafisha mwili, zinarudisha nguvu na kutuliza magonjwa sugu: kisukari, presha, baridi yabisi, hata saratani. Wengi wanaoziuza si matapeli. Wanazinywa wenyewe na kuwanywesha wazazi wao, kwa hiyo kuwaita wezi hakutufikishi mbali. Hoja yangu ni kwamba unyoofu wa moyo haumwondolei muuzaji dhamana, na kwamba kosa lake linaanzia pale anapochanganya vitu viwili vyenye wenyewe tofauti: tumaini, ambalo ni mali ya mgonjwa, na dai, ambalo ni lake yeye na ni juu yake kulithibitisha.

Tuanze na dai lenyewe. Vimeng'enya huharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya viumbe. Mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alionyesha kuwa maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira iliyosagwa huchachusha sukari hata pasipo seli hai, na mwaka 1926 James Sumner wa Marekani akaonyesha kuwa kimeng'enya alichokisafisha kilikuwa protini. Hapo ndipo dai la chupa linapopata taabu, kwa sababu protini ikiingia tumboni hukutana na asidi na kukatwakatwa, sawa na nyama au maharage. Daktari Mmarekani Edward Howell, katika kitabu chake Enzyme Nutrition cha 1985, alishikilia kwamba binadamu huzaliwa na akiba ya vimeng'enya inayopungua kadiri anavyozeeka, na kwamba chakula kinaweza kuilinda. Lakini seli haziishi kwa akiba. Hutengeneza vimeng'enya vipya muda wote kwa maelekezo ya jeni. Hospitali hutoa vidonge vya vimeng'enya kwa wagonjwa ambao kongosho yao imeshindwa kuvitoa, na vinawasaidia kweli. Ila vidonge hivyo kwa kawaida hukingwa dhidi ya asidi, na kazi yao ni kumeng'enya chakula ndani ya utumbo. Havitumwi kwenda kutibu viungo vingine.

Atakuja mtu aseme: mbona bibi zetu walichachusha, na tulikua na afya? Ni kweli, tena sayansi imewaunga mkono. Mama anayetia unga wa kimea katika uji mzito anatumia kimeng'enya halisi: nafaka iliyoota hutoa amilesi inayokata wanga, uji ukawa mwepesi bila kuongezwa maji, na mtoto akapata lishe zaidi katika kikombe kilekile. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa miaka ya 1990 ulikuta watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa wakiugua kuhara kwa nadra kuliko wenzao. Lakini tuangalie sababu ya kuuamini uji huo. Faida yake ni moja na inatajwa wazi, njia inayoileta inaeleweka, na mtu amekaa akahesabu watoto. Sifa ya uji huo haiwezi kuazimwa na chupa inayodai kushusha sukari ya damu. Kila dai lije na hesabu yake.

Na hesabu zikifanyika, majibu huweza kuuma. Natto, soya iliyochachushwa ya Wajapani, ina kimeng'enya kiitwacho natokinesi ambacho maabarani huyeyusha utando wa damu iliyoganda, na vidonge vyake vinauzwa kwa sifa ya kulinda moyo. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2021 liliwafuata watu 265 kwa takriban miaka 3, wengine wakimeza natokinesi na wengine vidonge visivyo na dawa. Kuta za mishipa yao ya shingo hazikuonyesha tofauti ya maana. Mfano mzito zaidi ni wa saratani ya kongosho. John Beard wa Edinburgh alipendekeza mwaka 1906 kwamba vimeng'enya vya kongosho vinaweza kutibu saratani, na daktari Nicholas Gonzalez wa New York akalifufua wazo hilo kwa vimeng'enya vya nguruwe, lishe na virutubisho. Mwaka 1999 alichapisha matokeo ya kutia moyo ya wagonjwa 11. Serikali ya Marekani ikagharimia jaribio kubwa zaidi, ambamo wagonjwa 55 walijichagulia tiba: 32 vimeng'enya, 23 tibakemikali. Ripoti ya 2010 ilionyesha kuwa nusu ya waliotumia tibakemikali waliishi miezi 14 au zaidi, na nusu ya waliotumia vimeng'enya walikuwa wamefariki kufikia miezi 4.3. Hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo mtu anaweza kutilia shaka ulinganisho huo. Hawezi tena kusema kwamba kujaribu hakuna hasara.

Ngome ya mwisho ya muuzaji huwa ushuhuda: fulani alikunywa, sasa anatembea. Ushuhuda haupaswi kudharauliwa, maana mtu haongopi anaposema amepata nafuu. Ila magonjwa sugu yana tabia ya kupanda na kushuka, na mtu hutafuta dawa mpya siku ugonjwa ulipopanda, kwa hiyo nafuu inayofuata ingeweza kuja hata bila chupa. Wengi pia huendelea na dawa za hospitali, huacha soda na kuanza kutembea, kisha chupa peke yake ikapewa shukrani. Zaidi ya yote, aliyefariki hapandi jukwaani kutoa ushuhuda. Na anayeamini bila kuchunguza hayo yote hana kinga: mwanafalsafa Mwingereza William Clifford, katika insha yake ya 1877, alimhukumu mwenye meli aliyejituliza mashaka akaamini kwamba chombo chake kibovu kitafika. Kwake, unyoofu wa imani hiyo haukumsaidia kitu, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini bila kukagua; na kosa lingebaki lilelile hata kama meli ingefika salama.

Dini hazipingani na hukumu hii. Wapo wanaosema kuhoji dawa ni kuhoji uwezo wa Mungu wa kuponya. Lakini uwezo wa Mungu haukuwekwa chini ya leseni ya muuzaji. Anayesema Mungu ataponya anazungumzia rehema isiyo na bei. Anayesema chupa itaponya anazungumzia kilichomo ndani ya chupa, na kilichomo hupimika. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamtaka mgonjwa aombe kisha ampe tabibu nafasi yake. Katika Uislamu ipo hadithi inayombebesha dhamana anayetibu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, na Ibn al-Qayyim wa Damascus aliifafanua kwa kirefu katika karne ya 14. Nia njema haikutosha kumwondolea mtu dhamana hiyo.

Ipo hoja moja ambayo watetezi wa hospitali hawana budi kuikubali. Mgonjwa wa kisukari au presha huambiwa atameza vidonge maisha yake yote, mara nyingi kwa dakika chache na bila kuelezwa, na kampuni za dawa nazo zinatafuta faida. Muuzaji wa vimeng'enya humsikiliza na kumpigia simu kesho yake. Hilo ni deni la hospitali, na lilipwe kwa usikivu. Haliwezi kulipwa kwa kulegeza kipimo cha ukweli kwa upande mwingine. Kampuni inayoficha matokeo mabaya ya dawa yake na muuzaji asiyetaka matokeo yatafutwe wanatenda kosa la aina moja, na kipimo kinachomnasa mmoja lazima kimnase mwenzake. Basi muuzaji auze kinywaji chake kama kinywaji, aseme ladha na viungo vyake. Akitaka kukiita tiba ya ugonjwa fulani, aoneshe waliohesabiwa, waliopona na wasiopona, na asimwambie mtu aache insulini. Asipoweza, anyamaze kuhusu uponyaji, hata kama anauamini.