Damu ya Mtoto: Hiba, Bei au Amana?

Neno mumiani lilipoingia pwani kutoka Uajemi lilikuwa jina la dawa: kitu cheusi chenye mnato, kilichosifika kwa kuunga mifupa iliyovunjika. Baadaye watu wakasadiki kuwa dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na hatimaye jina likamhamia mtu, yule aviziaye njiani usiku ili anyonye damu za wapitao. Safari hiyo ya neno, kutoka tiba hadi mauaji, ina maana kubwa kuliko wanavyodhani wale wanaoicheka.

Kilifi imeijua hofu hiyo. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ilifungua kituo chake katika mji huo mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford. Tangu mwaka 2000 kituo kinafuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu zaidi ya robo milioni wanaoishi katika eneo la kilomita za mraba 891. Maisha ya huko yamezoea mtafiti abishaye hodi mlangoni, na mtoto kutolewa damu kidogo iingie chupani. Uvumi kwamba damu hiyo inauzwa, au inapelekwa kwa waabudu shetani, uliwahi kuenea vijijini, na watafiti wa kituo hawakuuficha. Waliuandika wenyewe katika tafiti zao.

Ni rahisi kusema kuwa uvumi huo ni ujinga, na dawa ya ujinga ni elimu. Jibu hilo halitoshi. Mwenye kuuliza damu ya mwanawe imekwenda wapi hakuuliza swali la kijinga. Ameuliza swali la mwenye mali. Kilichotwaliwa bila hesabu kutolewa, Mswahili hukiita kimeibwa, hata kama aliyekitwaa amevaa koti jeupe.

Basi damu ile inatolewa kwa mkataba gani? Wapo wasemao ni hiba. Mtu hujitolea kwa ajili ya wenzake, na hiba ikishapokewa mtoaji hana tena dai juu yake. Kwa mtu mzima, kauli hiyo ina uzito. Kati ya miaka 2016 na 2018, watu wazima 161 wa Kenya, wakiwamo wakaazi wa Kilifi, walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria mshipani ili ijulikane miili yao inavyopambana navyo. Wakafuatiliwa kwa karibu, wakatibiwa, wakapewa fidia ya siku zao. Kwa sababu ya fidia, wengine waliona ni bei, si hiba. Lakini bei au hiba, mwili ulikuwa wao, na ulimi wa kusema ndiyo au la ulikuwa wao pia.

Mtoto mchanga hana ulimi huo. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S yalifanywa baina ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, Kilifi, Korogwe na Bagamoyo zikiwamo. Walioandikishwa walikuwa watoto 15,459, wengine wa wiki sita tu. Aliyetia saini au kidole ni mzazi. Hapo ndipo hoja ya hiba inapovunjika. Mlezi wa yatima hana idhini ya kutoa hiba mali ya yatima. Anaweza kuitumia kwa maslahi yake, anaweza kuikabidhi kwa mwaminifu, lakini kuitoa bure hawezi, kwa kuwa si yake. Na mwili wa mtoto una haki kubwa kuliko minazi na mashamba. Mama hawezi kumpa mtafiti zaidi ya kile alichonacho yeye mwenyewe, na alichonacho ni amana.

Yamkini atatokea wa kupinga: amana hurudishwa ilivyo, na damu iliyopimwa hairudi mshipani. Ni kweli. Lakini aliyekabidhiwa mbegu akazipanda kwa idhini hadaiwi mbegu zilezile. Hudaiwa habari za shamba na haki katika mavuno. Taratibu za majaribio zililijua hilo kwa sehemu. Watoto wa umri mkubwa ambao hawakuangukia kura ya RTS,S hawakudungwa maji matupu. Walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili wasitoke mikono mitupu. Vijiji navyo vikachagua wawakilishi wa kuzungumza na kituo, mpango ambao una thamani kuliko mabango elfu.

Mavuno yenyewe, hata hivyo, yalikwenda mbali. Kenya ilipoanza kuitoa chanjo hiyo Septemba 2019, haikuanzia Kilifi. Ilianzia Homa Bay na kaunti nyingine za upande wa Ziwa, ambako malaria ilikuwa nzito zaidi, ilhali pwani ilikwisha kupungua sana. Kwa kipimo cha tiba uamuzi ulikuwa sahihi, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo kwa matumizi mapana Oktoba 2021. Wala waliojaribiwa wasingenufaika nayo tena, maana walikwishapita umri wake. Mtoto wa Kilifi alitoa damu ili mtoto wa Homa Bay ambaye hajazaliwa asife. Hakuna ubaya katika hilo. Kuna uzuri mkubwa. Lakini uzuri huo hauna maana kwa mtu asiyeambiwa, na kumwambia si ihsani ya taasisi, ni deni lake.

Deni hilo lina tarehe. Watoto walioandikishwa mwaka 2009 wakiwa wamezaliwa 2008 wanatimiza miaka 18 mwaka 2026. Mlezi wa yatima hukabidhi mali na hesabu pale yatima anapobaleghe na kuongoka. Kama ipo chupa ya mmoja wao majokofuni, ikingojea swali ambalo sayansi haijaliuliza, saini ya mama yake imefika mwisho wa kazi yake. Anayestahili kubishiwa hodi sasa ni yeye.