Damu Iliyokutwa Shambani
Masomo: Kumbukumbu la Torati 21:1-9 na 22:8



Sura ya 21 ina jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mtu amekutwa ameuawa shambani, na aliyemwua hajulikani. Wazee na waamuzi wanatoka, wanapima umbali toka pale maiti ilipolala mpaka miji ya kandokando. Mji ulio karibu zaidi ndio unaojibu mbele za Mungu. Wazee wake wananawa mikono hadharani na kutamka kwamba si wao walioimwaga damu ile. Maiti isiyo na mshitaki imepata watu wa kuiulizia.

Sisi tuliotoka Masisi, Rutshuru na milima ya Uvira na Fizi tunajua ni maiti ngapi zililala bila kupimwa. Mtu alipigwa risasi njiani kwenda shamba, akazikwa jioni, usiku tukakimbia. Leo ukiuliza ilikuwa mwaka gani, ndugu wawili wa tumbo moja wanabishana. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Rwanda na Kongo zote ziliitia sahihi, inataka kila bunduki itiwe alama ili ikikamatwa ijulikane ilikotoka. Ni jambo jema. Lakini chuma kina namba, na mtoto aliyeuawa nacho hana hata mstari mmoja kwenye daftari!

Wako waliopima. Usiku wa 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini Gatumba, Burundi. Jumuiya yao huwakumbuka kila mwaka. Mwaka 2017 Human Rights Watch na Congo Research Group walianza kuandika mauaji ya Kivu moja moja na kuyaonyesha kwenye ramani. Na vita vilipoingia Goma Januari 2025, hospitali ya Ndosho, ambayo ni ya ndugu zetu Wabaptisti wa CBCA, ilipokea mamia ya majeruhi pamoja na madaktari wa Msalaba Mwekundu.

Sasa fungueni sura ya 22. Anayejenga nyumba anaamriwa aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, mtu asije akaanguka. Sheria ya kwanza ni ya damu iliyokwisha kumwagika. Hii ni ya damu ambayo bado iko mwilini. Tukiandika kwamba fulani alipigwa na risasi akichungulia dirishani, tunajua la kuwaambia jamaa waliobaki kule: laleni chini, mbali na dirisha. Tukiandika kwamba mtoto alikufa akichezea kitu alichookota, tutawafundisha watoto wasiguse.

Na kuna dari moja isiyo na ukuta kabisa, nayo ni vijana wetu. Kijana hana shule, hana kazi, anapigiwa simu na kuahidiwa bunduki na cheo. Wazazi, mara nyingi ninyi mnajua ni nani anayepigiwa. Msingoje msiba. Njoni tukae naye mapema, tumtafutie hata fundi wa kumfundisha kazi. Katika habari ya kijana huyo, mji ulio karibu ni sisi.

Wengine wameuliza kama daftari letu halitageuka kuwa la kisasi. Swali hilo ni la haki. Kwa hiyo hatuandiki kabila la marehemu, wala jina la anayedhaniwa kuua. Hilo ni la mahakama. Wako waliotusihi tuliandike, tumekataa, na tutaendelea kukataa. Wazee wa Musa walisema habari za mikono yao wenyewe tu. Daftari linatunzwa na mama wawili na mzee mmoja, wa makabila matatu, na hairuhusiwi kulipiga picha.

Jumapili baada ya ibada watakuwa mezani karibu na mlango. Leteni jina, mahali, mwaka, na alichokuwa akifanya. Kama unalokumbuka ni hili tu, mtoto wa jirani, Sake, wakati wa mahindi, tutaandika hivyo hivyo.