Tusimpime Mtu kwa Ufuko Aliofikia

Hapa Nyarugusu, jina la mtu likitoka kwenye orodha ya kwenda Marekani au Kanada, majirani husema: "Ule alijuaka kuongoza maisha yake." Aliyebaki kwenye nyumba yake ya udongo miaka kumi na tano husemwa chini chini kwamba hakujua kujiongoza. Neno hilo, kuongoza, nadhani tunalitumia vibaya. Wengi wetu tumetoka kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi na Uvira. Tulijua mitumbwi kabla ya kujua foleni. Basi tuuulize mtumbwi.

Mimi nilifundishwa na babu, karibu na Baraka, katika mtumbwi wa gogo. Jambo la kwanza ni kwamba nguvu peke yake haikufikishi. Ukikaa nyuma ukapiga kafi upande wa kuume tu, kichwa cha mtumbwi kinakwenda kushoto, na ukizidisha nguvu unazidi kuzunguka. Anayeanza hubadilisha upande kila mara, maji yanamwagika magotini. Mzoefu anabaki upande mmoja. Anavuta kafi mpaka lipite kiuno, halafu mwishoni anageuza mkono, dole gumba la mkono wa juu likielekea chini, na bapa la kafi linasukuma maji kidogo kwenda nje. Kichwa kinarudi kwenye njia. Anaweza pia kuliacha kafi nyuma kama usukani, ila mwendo unapungua, na mtumbwi uliosimama hausikii usukani.

Jambo la pili ni upepo. Kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini ndio unaotawala. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi toka kusini hadi kaskazini, kwa hiyo upepo una nafasi ndefu ya kuinua mawimbi. Anayeelekea mashariki husukumwa kaskazini. Basi kichwa cha mtumbwi anakielekeza kusini kidogo ya pale anapotaka kufika. Anayemtazama toka nchi kavu atadhani amepotea. Na wavuvi wawili wenye ujuzi sawa wanaweza kutoka pamoja, mmoja akatua kijijini, mwingine akatupwa kwenye mawe. Wazee wa kwetu hawakumwita huyu wa pili mjinga. Waliuliza kwanza: upepo ulikuwaje? Kisha wakauliza: kafi alilishikaje?

Orodha ya kwenda nchi ya tatu nayo ina upepo wake. Nafasi zinahesabiwa mbali. Serikali ya ng'ambo ikibadilika, safari inasimama. Kafi letu halifiki huko. Tukimsifu mmoja kwa sababu ya upepo, tutamlaumu mwenzake kwa upepo ule ule, na lawama hiyo inaumiza kweli. Nina jirani, mama wa watoto wanne, aliyeacha kuja kwenye kikundi cha akiba baada ya faili la dada yake kupita na lake kukaa. Kilichomfungia ndani ni aibu tu.

Mdogo wangu hunijibu: "Yaya, huo mtumbwi umefungwa kamba. Kafi la nini?" Hoja yake ina uzito. Bila kibali hatutoki kambini, na mtumbwi usiotembea hauongozwi na fundi yeyote. Kwa hiyo nawaomba ndugu zetu wa mashirika: mnapotuitia semina ya kupanga maisha ya kesho, itazameni kwanza kamba. Kumpa mtu kafi, halafu kumlaumu kwa kutofika wakati fundo limefungwa na mwingine, si haki.

Lakini hata kamba ina urefu wake. Ninavyowasimulia watoto habari za nyumbani, kwa chuki au kwa ukweli, hilo liko mikononi mwangu. Hesabu za kikundi ziko mikononi mwangu. Aliyekula akiba ya wenzake asije akatuambia eti ni upepo. Hapo tuna haki ya kumwuliza kafi alilishikaje, kama ambavyo mimi nakubali kuulizwa.

Ndiyo maana nasema swali letu la kwanza lisiwe "amefika wapi?" Aliyefika mbali huenda alisukumwa tu. Aliyebaki hapa huenda kila siku anarekebisha njia, pigo kwa pigo, na toka nchi kavu hatuoni kitu.

Faili la jirani yangu bado limekaa. Kikundi kinakutana Alhamisi. Nimewaambia wenzangu tumpitie nyumbani, twende naye, na mtu asimwulize habari za faili.