Je, Mwenye Nyumba Auze Mwenyewe, au Amtume Dalali?

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa neno hili wengine hudhani ya kuwa nyumba njema haihitaji dalali, na ya kuwa mwenye nyumba amwitaye dalali ana jambo la kuficha. Wengine husema kinyume: kuuza ni kazi yenye ufundi wake, na asiyeijua ataibiwa mchana. Swali hili laonekana kuwa la fedha tu. Walakini tukilitazama vema twaona ndani yake swali lingine lililo zito zaidi, nalo ni hili: ni kazi gani mtu aweza kumpa mwingine aitende kwa ajili yake, na ni kazi gani hawezi kumpa mtu awaye yote?

Na tuwaze mfano, tupate kufikiri pamoja. Mume na mke, wote wazee, wana nyumba Dar es Salaam, kandokando ya bonde la mto Msimbazi. Mto huo twaujua. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha mjini, maji yakafurika, watu zaidi ya 40 wakafa, na baadaye jamaa nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tuseme nyumba ya wazee wetu haikuanguka, kwa kuwa imesimama juu kidogo. Lakini maji yaliingia hata kufika magotini, yakaacha alama ukutani. Sasa wazee wataka kurudi bara, wakae karibu na watoto wao. Je, waiuze wenyewe, au wamtume dalali?

Kwanza tutazame hesabu. Tuseme nyumba yafaa shilingi 60,000,000, na dalali ataka ujira wa 5 kwa 100. Hizo ni shilingi 3,000,000, nazo si haba kwa wazee. Lakini ikiwa wazee hawajui bei za siku hizi, wakamwuzia mtu mjanja kwa 55,000,000, wamekwepa kulipa 3,000,000 wakapoteza 5,000,000. Dalali mwema ajua bei za mtaa, ajua ni nani atafutaye nyumba, na huwaongoza wageni kuitazama, wazee wasisumbuliwe kila siku na watu wasiowajua. Mtenda kazi huyu apewa ujira wake kwa haki, wala hatuna sababu ya kumdharau.

Tena yatupasa kukiri ya kuwa mwenye nyumba si mwuzaji mwema sikuzote. Katika bei yake hutia jasho la miaka 20, na mwembe alioupanda uani, na chumba alimozaliwa mtoto wake wa kwanza. Mnunuzi hanunui hayo. Akiambiwa ya kuwa paa limeoza, huona kana kwamba ametukanwa yeye mwenyewe. Hasira ikaingia, na mnunuzi akaenda zake. Hapo mtu wa kati hufaa sana, maana husikia maneno ya pande zote mbili pasipo kuumia.

Lakini kuuza mwenyewe kuna faida yake pia. Mwenye nyumba ajua mpaka wa kiwanja unapita wapi, ajua jirani yupi mwema, na bomba hukauka mwezi gani. Mnunuzi akiuliza, ajibiwa na yule ajuaye. Tena hakuna nafasi ya ile hila iitwayo "cha juu", ambayo dalali humwambia mwenye nyumba bei moja na mnunuzi bei nyingine, na tofauti akaitia mfukoni mwake kwa siri. Wala hakuna nafasi ya kulipwa na pande mbili bila moja kujua habari za nyingine.

Basi mpaka hapa mizani haijalemea upande wowote. Mwenye nafasi na maarifa aweza kuuza mwenyewe. Aliye mbali, au mgonjwa, au mgeni wa mambo ya bei, atafanya vema kumtafuta dalali mwaminifu. Hata hivyo yako mambo yasiyoweza kupewa dalali kabisa.

La kwanza ni ridhaa ya nyumba nzima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Dalali hawezi kumwombea mume ruhusa ambayo mke hajaitoa. Na ikiwa nyumba ni ya urithi, hawezi kuwanyamazisha warithi ambao hawakuitwa. Mara nyingi dalali huitwa haraka ili jambo likwishe kabla ndugu hawajasikia. Hapo kosa halikuanza kwa dalali.

La pili ni maandishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mapatano ya kuuza yawe kwa maandishi, ndipo yapate nguvu mbele ya mahakama. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mwenye nyumba na aisome karatasi mwenyewe kabla ya kutia sahihi, au asomewe na mtu amwaminiye, asiyepata faida katika biashara hiyo.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni kweli. Turudi kwa wazee wetu. Dalali amekuja, ametazama, ameona alama ya maji ukutani. Asema, "Mzee, paka rangi. Kama mtu akiuliza habari za maji, niachie mimi nimjibu." Mzee anyamaza. Moyoni ajisemea, "Mimi sikusema uongo. Aliyesema ni dalali." Wako watu wengi waliolala usingizi mzuri kwa neno hili.

Lakini neno hili halisimami. Twasema, "Mjumbe hauawi," na maana yake ni kwamba ujumbe ni wa yule aliyemtuma. Basi ikiwa mjumbe haulizwi, mwenye kumtuma ataulizwa mara mbili. Sheria nayo yafuata njia hiyo hiyo: katika Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, analotenda wakala katika kazi aliyopewa humfunga aliyemtuma, kana kwamba ametenda mwenyewe. Mtu aweza kukodi miguu ya mwingine, na kinywa chake pia, dhamiri haikodishwi.

Mtu atatujibu, "Mnunuzi ana macho. Sheria haikunilazimisha kutangaza aibu za nyumba yangu." Ni kweli kwamba sheria haihesabu kila kunyamaza kuwa ni hila, ingawa yakataza kuficha kwa kusudi. Rangi iliyopakwa ili alama ya maji isionekane si kunyamaza. Ni kusema uongo kwa brashi. Lakini hata pasipo rangi, na tujiulize: mnunuzi atalaza wapi watoto wake? Katika chumba kile kile yalimoingia maji. Mwenye nyumba ajua, naye mgeni hajui. Mvua za masika zitakapokuja, tofauti hiyo ya kujua na kutojua yaweza kuwa uhai wa mtoto.

Atajibu tena, "Nikisema, bei itashuka, nami ni mzee, sina mali nyingine." Hatulidharau neno hili, umaskini ni mzigo wa kweli. Lakini kama bei hushuka kwa kusema kweli, basi ile bei ya juu haikuwa bei ya nyumba. Ilikuwa bei ya kutojua kwa mnunuzi, na kutojua kwa mtu si mali yetu hata tukuuze.

Twakumbuka pia jinsi Abrahamu alivyonunua shamba la Makpela kwa Efroni Mhiti. Naye alitumia watu wa kati, akiwaomba Wahiti wamsemee kwa Efroni. Lakini bei ilitajwa masikioni mwa watu langoni pa mji, na fedha shekeli 400 zikapimwa waziwazi. Basi kuwa na mtu wa kati si kosa. Kosa ni pale mtu wa kati anapotumiwa kuwa pazia.

Kwa hiyo twaona ya kuwa swali la kuuza mwenyewe au kumtuma dalali lapasa kuulizwa hivi: je, namtafuta mtu huyu kwa sababu ajua nisiyoyajua, au kwa sababu atasema nisiyothubutu kuyasema? Kama ni sababu ya kwanza, mwite, ulipe ujira wake kwa furaha. Andikeni mapatano: bei ni kiasi gani, ujira ni kiasi gani, nani ataulipa, hapana cha juu, na kasoro hizi na hizi mnunuzi aambiwe. Dalali akiikataa karatasi hiyo, umejua tabia yake kabla hajakugharimu kitu. Kama ni sababu ya pili, usimwite yeye wala mwingine. Wala usijidhani kuwa salama ukiuza mwenyewe kwa moyo huo, maana utakuwa dalali mbaya wa nyumba yako.

Na wale wazee wetu? Waweza kumtuma dalali, maana miguu yao imechoka. Lakini mnunuzi afikapo mlangoni, mama mwenyewe na ampeleke ukutani, amwonyeshe alama, aseme, "Maji yalifika hapa." Huenda wa kwanza ataondoka, na wa pili pia. Atakayebaki atanunua kwa bei pungufu. Lakini atajua kuinua kizingiti na kuinua vitanda kabla ya masika, na wazee watakaa huko bara wakisikia habari za mvua za Dar es Salaam pasipo kushtuka.